Milisho ya RSS kwa mkutubi wa chuo: mwongozo wa kufuatilia habari za taaluma ukiwa Tabora au Kigoma

Maswali ni yaleyale kila mwaka wa masomo unapoanza. "Nikibofya ile alama ya rangi ya chungwa yanatokea maandishi ya ajabu, nimekosea wapi?" "Hiyo programu inauzwa?" "Haitamaliza bando?" "Mbona mwanzo ilileta habari, sasa imekaa kimya?" Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, kuanzia kompyuta isiyo na kitu mpaka orodha ya milisho inayofanya kazi na unayoweza kumkabidhi mwenzako.

Mlisho ni faili dogo ambalo tovuti huliweka wazi. Ndani yake kuna vichwa vya habari za karibuni, tarehe, kiungo, na mara nyingi muhtasari au makala nzima. Programu iitwayo kisomaji hupita kwenye mafaili hayo, huleta kilicho kipya na kukumbuka ulichokwisha kusoma. Utakutana na majina mawili, RSS na Atom. RSS ilianza mwaka 1999, Atom ikapata kiwango chake mwaka 2005, na kila kisomaji cha leo kinasoma zote mbili. Nadharia inayohitajika inaishia hapo.

Kwa maktaba za Tabora na Kigoma jambo hili lina uzito wake. Msaada rasmi kwa DSpace, mfumo wa hazina ya machapisho ya chuo, toleo la 6, ulikoma Julai 2023. Koha, mfumo wa katalogi na uazimishaji, hutoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na katikati hutoa marekebisho ya usalama. Makala za kitaaluma hufutwa na majarida kila wiki, wakati wanafunzi wanaendelea kuzinukuu. Habari hizi zote huwekwa hadharani kwenye tovuti za wenyewe, na anayezifuata akiwa Ujiji anazipata saa ileile na aliyeko Mlimani. Kinachotuchelewesha ni kungoja mtu azitume kwenye kundi la WhatsApp, na hata zikitumwa, baada ya saa moja zimefukiwa na ujumbe mwingine.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Kompyuta moja ya ofisini, hata ya zamani yenye RAM ya GB 4, au simu janja.
- Intaneti ya kawaida. Mlisho wa maandishi huwa na kilobaiti makumi, mara chache hufika mia kadhaa. Kinachokula bando ni picha na kurasa nzima zinazofunguka, na hilo tutalizima kwenye hatua ya 6.
- Anwani ya barua pepe ya maktaba. Usitumie yako binafsi. Ukihamishwa kituo, orodha yote itaondoka nawe.
- Daftari au jedwali lenye safu nne: jina la chanzo, anwani ya mlisho, nani hapa chuoni anaihitaji, na tarehe ulipoiongeza.
- Jibu la swali moja kutoka kwa fundi wa TEHAMA wa chuo: tunatumia Koha toleo gani, DSpace toleo gani, na kama tuna jarida letu, OJS (mfumo wa kuendesha majarida) toleo gani? Bila jibu hilo utasoma matangazo ya mifumo usijue kama yanawahusu.

Hatua ya 1: Amua unafuatilia nini

Kaa na daftari, kompyuta ikiwa imezimwa. Gawa mahitaji katika makundi manne: mifumo mnayoitumia, taaluma ya ukutubi wa vyuo, uchapishaji na uadilifu wa utafiti, na masomo yanayofundishwa chuoni kwenu. Kundi la mwisho ndilo linalotofautisha maktaba moja na nyingine. Anayehudumia walimu wa elimu maalumu, anayehudumia wanafunzi wa ufugaji nyuki na anayehudumia watafiti wa samaki wa Ziwa Tanganyika hawawezi kuwa na orodha moja.

Kosa kubwa la wanaoanza liko hapa. Mtu anakusanya milisho themanini siku ya kwanza, wiki ya pili kisomaji kinamwonyesha makala elfu mbili hazijasomwa, anakifunga na harudi tena. Anza na minane. Utaongeza baadaye, kila mmoja kwa sababu unayoweza kuiandika kwenye ile safu ya tatu ya daftari.

Hatua ya 2: Chagua kisomaji

Visomaji ni vingi, lakini vimegawanyika katika koo mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Ukoo wa kwanza hukaa ndani ya kifaa chako: Thunderbird kwenye kompyuta, Feeder kwenye Android, NetNewsWire kwenye iPhone. Zote tatu ni bure, hazihitaji kujisajili popote, na ulichokwisha kukipakua unakisoma hata intaneti ikiwa imekatika. Ukoo wa pili hukaa kwenye seva ya kampuni: Feedly, Inoreader, The Old Reader. Huko unafungua akaunti, unapata kiwango fulani bure, na unasoma kutoka kifaa chochote ilimradi una mtandao.

Sasa shika jambo hili. Tovuti nyingi zinaendeshwa kwa WordPress, na WordPress isipobadilishwa huweka kwenye mlisho makala kumi za mwisho tu. Ya kumi na moja inatoka. Kisomaji cha ukoo wa kwanza hukusanya pale kinapokuwa kimewashwa. Kompyuta ya ofisi ikizimwa wiki tatu za likizo, na tovuti ikatoa makala kumi na tano, zile tano za mwanzo hutaziona kabisa, wala kisomaji hakitakuambia kwamba zimepotea. Kisomaji cha ukoo wa pili hakina tatizo hilo kwa sababu seva yake inakusanya usiku na mchana, umeme uwepo au usiwepo kwako.

Kwa hiyo: kama kompyuta yako inawashwa kila siku ya kazi na mtandao wa chuo unasumbua, chukua Thunderbird. Kama unasoma zaidi kwa simu na unasafiri mara kwa mara, fungua akaunti ya Inoreader au Feedly. Mwongozo huu unatumia Thunderbird kwenye kompyuta na Feeder kwenye simu. Ukichagua kingine, hatua za 4 na 7 na orodha ya hatua ya 5 hazibadiliki.

Wanaouliza habari za Google Reader: ilifungwa Julai 2013. Mafunzo yoyote yanayoitaja yamepitwa na wakati, yaache.

Hatua ya 3: Weka programu

Kwenye kompyuta:

1. Pakua Thunderbird kutoka thunderbird.net. Usiipakue kwenye tovuti za programu za bure, maana nyingi hukubebesha programu nyingine usizozitaka.
2. Ikikuomba anwani ya barua pepe mwanzoni, ruka. Milisho haihitaji barua pepe.
3. Kwenye menyu, chagua kufungua akaunti mpya, kisha aina iitwayo Feed. Kwenye matoleo ya zamani utaipata chini ya File, New, Feed Account. Kama menyu haionekani, bonyeza kitufe cha Alt.
4. Ipe jina linaloeleweka na kila mtu, kama "Habari za Maktaba".

Kwenye Android, tafuta Feeder kwenye Play Store au F-Droid, iweke, ifungue. Hakuna zaidi.

Usiweke kisomaji kwenye kompyuta ya kaunta ya kuazimisha wala zile za wanafunzi. Mtu mmoja akibofya "zote zimesomwa" kwa bahati mbaya, kazi ya wiki imepotea.

Hatua ya 4: Tafuta anwani ya mlisho

Hapa ndipo wengi hukwama. Zamani kivinjari kilionyesha alama ya chungwa kila ukifika kwenye tovuti yenye mlisho. Firefox iliondoa huduma za milisho Desemba 2018, na Chrome haikuwahi kuipa nafasi kubwa. Milisho yenyewe bado ipo, sasa inabidi uitafute. Fuata mpangilio huu na usimame pale unapoipata.

1. Shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa. Tafuta neno RSS, Feed, au ile alama ya chungwa.
2. Usipoiona, ongeza neno feed mwishoni mwa anwani ya tovuti. Kwa WordPress anwani inakuwa kama acrlog.org/feed/. Njia hii pekee inamaliza sehemu kubwa ya kazi. Ukitaka mada moja tu ya tovuti ya WordPress, fungua ukurasa wa mada hiyo kisha uongeze /feed/ mwishoni mwa anwani yake.
3. Kwa tovuti za Blogspot, ongeza /feeds/posts/default.
4. Kwa jarida linaloendeshwa kwa OJS, mlisho hukaa baada ya jina la jarida, hivi: /gateway/plugin/WebFeedGatewayPlugin/rss2. Angalia herufi kubwa na ndogo, ukikosea moja haifunguki. Na lazima mhariri awe ameruhusu mlisho kwenye mipangilio ya jarida. Majarida mengi ya vyuo vyetu yanatumia OJS, lakini mengi hayajauwasha. Mwandikie mhariri umwombe, ni kazi ya dakika moja kwake.
5. Kwa majarida yaliyo ScienceDirect, chukua ISSN, yaani namba ya utambulisho ya jarida, ondoa kistari, uiweke mwishoni mwa rss.sciencedirect.com/publication/science/. Journal of Academic Librarianship yenye ISSN 0099-1333 inakuwa 00991333.
6. Yote yakishindikana, fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U upate maandishi ya ndani ya ukurasa, kisha Ctrl na F utafute rss+xml. Ukikosa, tafuta atom+xml. Anwani iliyo ndani ya alama za nukuu baada ya neno href ndiyo unayoitaka. Ikianza na mkwaju tu, tanguliza jina la tovuti.

Ukishapata anwani, ifungue kwanza kwenye kivinjari. Chrome itakuonyesha maandishi yenye mabano ya pembe na kusema kwamba faili la XML halina taarifa za mtindo. Hilo si kosa. Ndivyo mlisho unavyoonekana ukiufungua bila kisomaji. Angalia tarehe ya makala ya kwanza: kama ni ya miaka minne iliyopita, tovuti imelala, usiiongeze. Kama ni ya karibuni, nakili anwani yote kutoka juu.

Hatua ya 5: Ongeza milisho minane ya kwanza

Kwenye Thunderbird, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la akaunti yako, chagua Subscribe, bandika anwani, bofya Add. Subiri jina la tovuti litokee kabla ya kuongeza mwingine. Ukiharakisha na mtandao ukiwa mzito, utajikuta na mlisho mmoja mara mbili. Kwenye Feeder, tumia alama ya kujumlisha na ubandike vilevile.

Kosa la kawaida hapa ni kubandika anwani ya ukurasa wa mbele wa tovuti badala ya anwani ya mlisho. Feedly na Inoreader hujitafutia zenyewe, kwa visomaji vingine usitegemee hivyo.

Hii ndiyo minane tunayopendekeza kwa maktaba ya chuo, pamoja na maoni yetu:

1. koha-community.org/feed/ kwa wenye Koha. Ukiona tangazo la usalama, mpelekee fundi siku hiyohiyo. Namba ya toleo ni mwaka na mwezi: 24.11 ni ya Novemba 2024, hivyo unaweza kujua mara moja mmeachwa umbali gani.
2. Mlisho wa matangazo wa DSpace au wa PKP, wenyewe wa OJS, kulingana na mnachotumia. Kama hamtumii chochote kati ya hivyo, acha nafasi wazi.
3. acrlog.org/feed/, wanapoandika wakutubi wa vyuo wa Marekani kuhusu kazi ya kila siku: kufundisha stadi za taarifa, kaunta, ajira mpya. Mazingira ni tofauti na yetu, lakini maswali ya wanafunzi yanafanana kuliko unavyotarajia.
4. Jarida la College & Research Libraries la ACRL, chama cha maktaba za vyuo na utafiti cha Marekani. Makala zake zimepitiwa na wataalamu na kusoma ni bure. Hili usilikose.
5. inthelibrarywiththeleadpipe.org/feed/. Makala ndefu, chache kwa mwaka, zilizopitiwa. Soma polepole.
6. journal.code4lib.org/feed kwa anayeshughulika na mifumo, metadata na hazina ya machapisho ya chuo. Hutoa matoleo machache kwa mwaka, ukimya wa miezi si ugonjwa.
7. retractionwatch.com/feed/. Wanafuatilia makala zilizofutwa tangu 2010, na hifadhidata yao ilichukuliwa na Crossref mwaka 2023 na iko wazi kwa wote. Kwa chuo kinachosimamia tasnifu, mlisho huu una faida kuliko yote iliyotangulia.
8. scholarlykitchen.sspnet.org/feed/, kuhusu uchapishaji wa kitaaluma. Huandika karibu kila siku ya kazi, na wengi wao wanatoka upande wa wachapishaji, kwa hiyo soma ukijua nani anazungumza. Kama unakuzidi, huu ndio wa kwanza kuondoa.

Ukizoea, angalia pia DOAJ kwa habari za majarida ya ufikiaji huria, EIFL ambayo hufanya kazi na muungano wa maktaba za vyuo vyetu, COTUL, na rss.arxiv.org/rss/cs.DL kwa utafiti wa maktaba za kidijitali. Huo wa arXiv una tabia yake: hubeba matangazo ya siku hiyo tu, na mwishoni mwa wiki huwa mtupu. Kwenye kompyuta inayozimwa mara kwa mara utapoteza mengi, uweke kwenye kisomaji cha seva.

Hatua ya 6: Panga folda na ulinde bando

Tengeneza folda nne kwa yale makundi ya hatua ya 1. Ukipenda, ipe ya mifumo jina linaloanza na 1 ili ikae juu, maana ndiyo ya kufungua kwanza.

Kisha nenda kwenye mipangilio ya akaunti ya Thunderbird. Kawaida yake ni kuangalia milisho kila dakika 100. Ibadilishe iwe dakika 720, yaani mara mbili kwa siku. Hupotezi chochote, kwa kuwa habari za taaluma hii hazibadiliki kwa saa. Kuna sababu ya pili: kompyuta zote za chuo kwa kawaida huonekana nje kwa anwani moja ya intaneti. Mashine tano zikigonga tovuti moja kila dakika chache, tovuti hiyo inaweza kuufungia mtandao wote wa chuo.

Hapohapo chagua kuonyesha muhtasari wa makala badala ya kufungua ukurasa mzima wa tovuti. Mpangilio huu mmoja ndio unaookoa bando. Kwenye Feeder, ruhusu kusasisha kwa Wi-Fi pekee.

Hatua ya 7: Soma, chambua, fikisha

Tenga dakika ishirini, mara mbili kwa wiki, kwa saa zinazojulikana. Jumatatu asubuhi kabla wanafunzi hawajajaa na Alhamisi mchana hufaa kwa vyuo vingi. Pita vichwa vya habari tu kwanza. Kinachohitaji kusomwa kiwekee nyota, vilivyobaki viweke vyote kuwa vimesomwa bila huruma. Mkutubi hasomi kila kitabu anachokiorodhesha, na hapa ni vivyo hivyo.

Baada ya hapo kila chenye nyota kipate hatima: kinakwenda kwa fundi, kwa mhadhiri fulani, kwenye ubao wa matangazo, au kinabaki kwako. Habari ambayo haikumfikia mtu ni sawa na ambayo haikuja. Usitume viungo kumi kwenye kundi la wahadhiri. Tuma kimoja, kwa mtu mmoja, na useme kwa nini umemtumia. Mfano:

"Shikamoo Mwalimu. Maktaba hapa. Ile makala uliyoiweka kwenye orodha ya kusoma ya mwaka wa pili, jarida limeifuta mwezi huu kwa sababu ya kasoro za data. Kiungo cha tangazo la jarida ni hiki. Ukipenda tukutafutie mbadala, tuambie ni lini utahitaji."

Ujumbe wa namna hiyo hujibiwa. Na mhadhiri aliyejibiwa haja yake mara moja huja mwenyewe maktaba mara ya pili.

Ukikuta makala imefungwa na inadai malipo, usiishie hapo. Jaribu kwanza Research4Life, mpango wa majarida kwa nchi zinazoendelea, kama chuo chenu kimesajiliwa, kisha kiendelezi cha Unpaywall kwenye kivinjari, ambacho hutafuta nakala halali ya bure. La mwisho, mwandikie mwandishi wa makala.

Hatua ya 8: Geuza utafutaji kuwa mlisho

Hii ni hatua ya waliokwisha kuzoea, na ndiyo inayowapa walimu kitu wasichokipata kwingine.

Kwenye katalogi ya Koha ya wasomaji, tafuta mada, kisha kwenye ukurasa wa matokeo utaona alama ya mlisho ya kujiunga na utafutaji huo. Mpe mhadhiri anwani hiyo. Kila kitabu kipya cha mada yake kikiorodheshwa, kinamfikia. Kama katalogi yenu inafunguka ndani ya chuo tu, mlisho nao utafanya kazi ndani ya chuo tu.

Kwenye PubMed, ukimaliza kutafuta, kuna kitufe cha Create RSS chini ya kisanduku cha kutafutia. Kinafaa kwa vyuo vya afya. Google Alerts nayo inaweza kutoa mlisho: ukiwa umeingia kwa akaunti ya Google ya maktaba, kwenye sehemu ya kupelekewa chagua RSS badala ya barua pepe. Weka maneno ndani ya alama za nukuu, kwa mfano "Lake Tanganyika" pamoja na fisheries, la sivyo utajazwa matangazo ya hoteli.

Tahadhari moja kubwa: milisho ya utafutaji huleta pia majarida ya ulaghai, yale yanayochapisha chochote kwa malipo. Kabla ya kumpelekea mtu makala kutoka jarida usilolijua, litafute DOAJ au AJOL, hazina ya majarida ya Afrika. Kutokuwepo huko hakumaanishi ni la ulaghai, lakini kunakudai ulichunguze kabla jina la maktaba halijawa chini ya ujumbe.

Hatua ya 9: Weka nakala, palilia

Kila mwisho wa mwezi, fungua dirisha lile la Subscribe kwenye Thunderbird, bofya Export. Utapata faili la OPML, lenye orodha yako yote na folda zake. Liite kwa tarehe, kama milisho-2025-03.opml, liweke kwenye flashi na ujitumie kwenye barua pepe ya maktaba. Faili hilo linafunguka kwenye Feedly, Inoreader, Feeder na karibu kisomaji chochote, hivyo siku ukitaka kuhama huanzi upya. Linabeba anwani tu, makala zenyewe hazimo.

Kila muhula, pitia daftari. Mlisho ambao kwa muhula mzima hukuweka nyota hata moja, ondoa.

Matatizo na tiba zake

*Kisomaji kinasema anwani si mlisho halali, na jana ilifanya kazi.* Mara nyingi ni Wi-Fi ya chuo inayotaka uingie kwanza kwa jina na nywila. Kisomaji kiliomba mlisho kikapewa ukurasa wa kuingilia. Fungua kivinjari, ingia, kisha usasishe tena. Kama si hilo, peleka anwani validator.w3.org/feed, itakuonyesha mstari wenye kasoro. Kasoro ikiwa upande wa tovuti, huna la kufanya ila kungoja au kuwaandikia wenyewe.

*Milisho yote imekataa kwa pamoja, na inalalamikia cheti cha usalama.* Angalia tarehe ya kompyuta. Kompyuta za zamani betri yake ndogo ya ndani ikifa, kila umeme ukikatika tarehe hurudi miaka nyuma, na cheti cha kila tovuti kinaonekana si sahihi. Rekebisha tarehe, kisha mwambie fundi abadilishe betri. Kwa kawaida ni CR2032, ile ya duara kama sarafu, inapatikana maduka ya saa na ya vifaa vya umeme.

*404.* Anwani imehama. Rudi hatua ya 4.

*403 au 429.* Tovuti imekukatalia, na 429 maana yake umeigonga mara nyingi mno. Ongeza muda wa kusasisha, ngoja siku moja.

*Makala za zamani zimerudi zote kama mpya.* Tovuti imebadilisha mfumo au anwani za ndani. Ziweke kuwa zimesomwa mara moja, haitajirudia.

*Napata kichwa na mistari miwili tu.* Mwenye tovuti ameamua hivyo. Feeder ina mpangilio wa kuleta makala nzima kwa kila mlisho; uwashe kwa michache unayoisoma kwa kina.

*Mlisho wa maktaba umeanza kuleta matangazo ya kamari.* Jina la tovuti liliisha muda, mtu mwingine akalinunua. Futa leo, na ukague kama mliweka kiungo chake kwenye tovuti ya chuo.

*Chanzo ninachokitaka hakina mlisho kabisa.* Taasisi zetu nyingi ziko hivyo. Kama wanatuma jarida la barua pepe, kill-the-newsletter.com itakupa anwani ya kujiandikishia na mlisho wake. Kama hawatumi chochote, hifadhi ukurasa wao wa matangazo kwenye kivinjari na uufungue kila Jumatatu baada ya kumaliza milisho.

Ukihamishwa kituo

Mkabidhi anayepokea vitu vitatu, kwa maandishi: faili la OPML la karibuni, nywila ya barua pepe ya maktaba, na lile daftari. Kaa naye kwa kipindi kimoja cha dakika ishirini, asome yeye, wewe uangalie anavyochambua. Nywila aibadilishe ukiwa hapohapo.